Pijo ya Marehemu

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha, ile ya kufuta vumbi tu. Nimepanda maharage upande wa juu wa kibanja na mgongo umenigomea. Nimestaafu ualimu, lakini kila jioni mkono unatafuta kalamu, kwa hiyo nimelitoa kabatini hili daftari la maandalio ya masomo ambalo sikuwahi kulitumia. Nitaandika mpaka maharage yavunwe. Nikichoka mapema, hakuna mkaguzi wa kunikaripia.

Hali ya nyumba ni hii. Mume wangu Ambrose alifariki Juni, tukamzika hapa hapa kwenye migomba. Ukoo ukasema kama unavyosema siku zote: vitu vya marehemu visiguswe mpaka mrithi asimikwe. Mrithi ni mwanangu Cleophace, yuko Mwanza, na kila akipiga simu anasema atakuja Krismasi. Basi jembe la Ambrose limelala, redio yake imefunikwa kitambaa, na Pijo yake, ile pikapu ya kijivu aliyoinunua tukiwa bado vijana, imesimama bandani tangu alipoanza kuugua. Mimi ni mlinzi wa makumbusho, bila mshahara.

Jumamosi, 14 Septemba

Jumamosi ni siku ya gari. Nimefunua boneti, nimefuta vumbi, kisha nimeipaka samli mipira yote ya maji, wa juu na wa chini wa rejeta, na ile midogo ambayo sijui majina yake. Baba yangu alikuwa mfugaji. Kwetu kila kitu cha ngozi kilipakwa samli: mikanda, viatu, ngoma ya ukoo, hata mtoto mchanga. Kisichopakwa hupasuka. Ambrose alizoea kusema kuwa mipira ya gari hili haitengenezwi tena, iliyopo ndiyo hiyo. Kwa hiyo naitunza. Inang'aa kuliko viatu vya padri siku ya Pasaka. Kuendesha sijui, lakini hakuna atakayesema niliiacha mali ya mume wangu ioze.

Alhamisi, 19 Septemba

Joyness huja kuchukua maziwa kila asubuhi, na leo amekaa kupumzika, maana tumbo limeanza kumlemea. Nilimfundisha darasa la tatu, alikuwa mbishi wa hesabu. Mumewe anavua samaki visiwani, naye amerudi kwa baba yake hapa Kaisho mpaka ajifungue. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji na hakuishi. Safari hii nesi wa zahanati amemwambia asithubutu kuzalia huku. Katikati ya Novemba awe ameshasogea karibu na hospitali.

"Baba atanipeleka," anasema, kama mtu anayezungumzia kwenda kuteka maji.

Baba yake ni Anatory. Naye ana Pijo, ndugu kabisa wa hii yetu, ila yake inatembea. Inabeba ndizi kwenda Nkwenda, inabeba wagonjwa, inabeba maiti. Mvua ikikolea vigari vidogo vinaishia bondeni, na bodaboda si kipando cha mwanamke mwenye mshono tumboni. Kilima chetu kizima kina gari hilo moja.

Anatory mwenyewe simpendi. Ana maneno mengi, anakunywa rubisi ya ndizi jua likiwa bado juu, na kwa miaka yote alimfunga Ambrose kwenye bao huku akimcheka mbele ya watu. Naandika ukweli, daftari ni langu.

Jumanne, 24 Septemba

Mvua. Mbuzi wa jirani wamekula maharage. Nimewatukana kwa Runyambo, Kiswahili hakikutosha.

Ijumaa, 4 Oktoba

Gari la Anatory limechemsha kwenye njia ya Nkwenda likiwa na mzigo. Mpira wa chini wa rejeta umepasuka, ule wenye kona mbili unaopitisha maji kwenda kwenye injini. Fundi Melkiory wa Nkwenda ameuzungushia vipande vya tyubu ya baiskeli na kumwambia huo ni mkongojo, si mguu. Spea hakuna. Mpira ulionyooka ukiukunja unajibana na maji hayapiti, ni lazima uwe umezaliwa na kona zake.

Joyness amenisimulia haya huku akicheka. Anasema baba yake hafanyi kitu kingine siku hizi ila kutafuta mpira.

Jumapili, 13 Oktoba

Anatory amekuja baada ya misa. Nimemwekea kahawa za kutafuna, tukatafuna. Amezungumzia mvua, akazungumzia ng'ombe wangu, akalisifu hata paa langu. Nikajua ana shida kubwa, maana ndogo huwa anaanza nazo mlangoni.

"Mwalimu, ule mpira wa Ambrose," alisema mwishoni. "Niazime mpaka Joyness ajifungue. Nitaurudisha kwa mkono wangu."

Nilimwambia mpira si wangu. Ni wa mrithi, na mrithi hajasimikwa, hivyo amwone shemeji yangu Rwegoshora, mkubwa wa ukoo. Alijua nitasema hivyo. Aliondoka kwa kupitia bandani, akasimama kuitazama Pijo kwa mbali, hakuigusa. Nami nilijisikia vizuri. Nilijiambia kwamba hatimaye Ambrose amemfunga goli.

Jumatano, 16 Oktoba

Rwegoshora amekataa. Amekuja mwenyewe kunieleza, na fimbo yake na koti lake la msibani. Amesema leo ni mpira, kesho itakuwa injini, na mtu akianza kumvua marehemu humwacha uchi. Nilimwona mzee mwenye busara. Hata hivyo nimempigia Cleophace. Amesema, "Mama, waulize wazee." Wazee wanasema aulizwe mrithi. Kazi imegawanywa vizuri, hakuna anayeifanya.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua kutwa. Samli kwenye mipira kama kawaida.

Jumatatu, 28 Oktoba

Anatory amezunguka Kayanga, akaenda Bukoba, akavuka mpaka hadi Mbarara. Amerudi na mpira wa gari lingine. Melkiory ameukata na kuuunga kwa kipande cha bomba, na leo umetoa maji kabla ya kufika sokoni. Nimemwona yeye na mkewe Placidia wakilisukuma gari kuliingiza kwao, wameloa. Hakuwa amekunywa. Placidia anasema tangu mpira upasuke hajaonja kitu, na kwamba usiku anahesabu wiki kwa sauti. Sikujua kwamba Anatory anaweza kuogopa.

Miguu ya Joyness imevimba. Leo ameniambia, "Ikishindikana nitabebwa kwa machela, mwalimu, kama bibi zetu." Alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu bibi zetu wengine hawakufika.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Nimepalilia kaburi la Ambrose na kumweleza habari zote. Siku hizi hanikatizi. Nikajiuliza yeye angefanya nini, na jibu likaja upesi mno hata nikaona aibu. Ambrose angeufungua mpira ule akiwa bado na suti ya kanisani, kisha angemsimanga Anatory mwaka mzima. Ninachokilinda bandani si mali ya Ambrose. Ni hofu yangu kwa ukoo, pamoja na kiburi kidogo.

Nimempigia simu Anatory. Aje keshokutwa, Rwegoshora akiwa mnadani.

Jumatatu, 4 Novemba

Melkiory amekwenda kumzika mama yake, kwa hiyo Anatory ameufungua mpira mwenyewe. Ulitoka bila kung'ang'ania. Aliubonyeza kwa vidole, akaukunja, akaunusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya mwezi.

"Mlaini, mwalimu waitu. Wangu ulikuwa mkavu kama gome. Umeutunzaje?"

Nilimweleza habari ya samli. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema mtoto wa mfugaji hafundishwi kutunza ngozi. Nilivimba kichwa, sifichi. Tulikwenda kwake, akaufunga, akajaza maji, akawasha. Tulisimama wote kutazama chini ya injini mpaka ikapata joto. Hakuna tone lililodondoka. Placidia alianza kigelegele, akakimeza kwa sababu ya Rwegoshora.

Ijumaa, 8 Novemba

Pijo imekwenda Nkwenda na kurudi, mara ya pili wiki hii. Anatory anapiga honi akipita kwangu. Kelele tupu, lakini nimeipungia.

Jumapili, 10 Novemba

Senene wameanguka. Joyness ameleta wa kwangu, amekaa kibarazani kuwachambua mabawa, akila wabichi kwa wizi kama alivyokuwa mtoto. Safari ni Jumatatu ijayo. Atakaa kwa shangazi yake karibu na hospitali. Ameniuliza, mtoto akiwa wa kike ampe jina gani. Nimemwambia jina si kazi ya jirani.

Nimegundua kwamba asubuhi naamka nikimsubiri.

Alhamisi, 14 Novemba

Rwegoshora ameliona pengo. Sikumwona akiingia bandani, nilisikia tu boneti ikibamizwa. Amesema nimeufungua mwili wa kaka yake mdogo na kuugawa. Amesema litakalotokea ni langu.

"Shemeji," nilimjibu, "marehemu hapandi kilima. Joyness anapanda."

Aliondoka bila kugusa kahawa. Nililifurahia jibu langu jioni nzima, nikalirudia peke yangu nikikamua.

Jumatatu, 18 Novemba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya safari. Nitaandika ya juzi, Jumamosi, kwa sababu nisipoyaandika nitaanza kuyapanga upya kichwani.

Uchungu ulimshika Joyness baada ya chakula cha mchana, mapema kuliko walivyosema. Nesi alipiga simu, gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mwingine Bukoba. Anatory alilitoa gari. Alitandika godoro nyuma ya pikapu, akafunga turubai juu, Placidia akapanda na bintiye. Mimi nilikaa mbele na dumu la maji miguuni. Mvua ilikuwa nzito lakini tulivuka bonde, tope likarukia vioo, na gari likashika njia vizuri hata nikaanza kusali sala ya shukrani.

Tulikuwa katikati ya kilima, barabara kubwa iko juu tu, nilipopata harufu ya samli. Harufu ya jikoni kabisa, samli iliyowekwa motoni. Niligeuka kumwuliza Anatory kama ameisikia, na hapo mvuke ukatoka kwenye boneti.

Mpira ulikuwa umeachia kwenye kona ya pili. Anatory aliufunga kwa tyubu, akakaza klipu, na klipu ikazama ndani ya mpira kama kisu kwenye ndizi mbivu. Alikata tena, akafunga tena. Nilipasua khanga yangu, tukazungusha vipande vyake. Tulimimina maji, gari likatambaa hatua chache, likamwaga yote. Tulichota mtaroni. Mara ya tatu injini ilikata, ikakataa kuwaka. Anatory aliendelea kuzungusha ufunguo. Nyuma Joyness hakuwa akilia kwa uchungu tena, alikuwa akipumua tu kwa nguvu. Nilimsikia akisema, "Baba, liache gari."

Tulipiga simu nyumbani. Watu walikuja na machela ya miti na turubai, wakikimbia topeni, na aliyeshika mti wa mbele alikuwa Rwegoshora, mzee yule, koti limemganda mwilini. Hakunitazama. Alisema, "Mshusheni taratibu," akauweka mti begani.

Nilitembea pembeni nikiwa nimemshika Joyness mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Aliniuliza tumefika wapi, nikasema karibu. Akaniuliza tena, nikasema karibu. Kisha njia ikawa nyembamba, nikalazimika kumwachia na kufuata nyuma. Barabarani lori la mazao lilisimama likawachukua.

Hospitali walimtoa mtoto akiwa hai, wa kike. Mshono wa zamani ulikuwa umefunguka ndani, na damu nyingi ilikuwa imekwenda. Joyness hakuamka.

Jumatano, 20 Novemba

Tumemzika kwa mumewe, Ihanda. Mume alifika na nguo za ziwani, amesimama kaburini bila kujua aweke wapi mikono. Mtoto amebaki na Placidia. Nimesema maziwa yatatoka kwangu. Nesi amewaonyesha namna ya kuyachanganya.

Jumamosi, 23 Novemba

Miguu imenipeleka bandani yenyewe, kikombe cha samli mkononi. Ni Jumamosi. Nimefunua boneti, nimechovya kidole, nimeushika mpira wa juu, ule uliobaki. Sijui kwa nini leo niliubonyeza. Dole gumba liliingia, na nilipoliondoa alama yake ilibaki. Nimebonyeza pengine, vivyo hivyo. Nimevuta kidogo, na kipande kimetoka mkononi mwangu, cheusi, kinanata, kinanuka jikoni kwangu.

Nimekwenda kwenye tairi la akiba lililotundikwa ukutani, ambalo sikulipaka kamwe. Gumu, zima.

Kila Jumamosi, tangu alipoanza kuugua. Nilikuwa naula mpira ule kidogo kidogo na kujisifu. Ningemsikiliza Rwegoshora nikakataa, Anatory angejua hana gari, angempeleka mtoto wake mapema kwa njia nyingine yoyote. Mimi ndiye niliyewapa sababu ya kusubiri hadi Jumatatu.

Samli yote iliyokuwa ndani nimeimwaga kwenye migomba. Kibuyu cha kusukia maziwa nimekitundika darini.

Jumapili, 1 Desemba

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kwenda kumwambia Anatory. Amekuja yeye. Hakukaa. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka mezani na kukifungua. Mpira ule, ameuosha, ameondoa tope na nyuzi za khanga yangu.

"Nilisema nitaurudisha," alisema. "Mrithi asije akakuta pengo."

Nilifungua mdomo. Akanitangulia.

"Melkiory ameuona. Anasema mafuta ndiyo yaliyoula. Ngozi hutaka mafuta, mpira huuliwa nayo." Alikuwa akiongea na meza. "Nami niliubonyeza, mwalimu. Niliubonyeza nikasema mlaini."

Nilisema nisamehe. Alitikisa kichwa, sikuelewa kama ni ndiyo au hapana, akatoka. Heri angenitukana.

Nimeuweka mpira kwenye kiti cha dereva. Sikuweza kuifunua boneti.

Jumatano, 11 Desemba

Napeleka maziwa kila asubuhi. Placidia hupokea mlangoni. Chombo kinarudi kitupu. Huku chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata likiwa jani la mboga utalitia, na kila mtu analijua hilo tangu utotoni. Nakichukua, nashukuru, narudi. Anatory nikimkuta uani huwa ana kazi upande wa pili.

Mtoto anaitwa Kokuhirwa. Anakunywa vizuri.

Ijumaa, 27 Desemba

Cleophace amekuja, amesimikwa, amevalishwa koti la baba yake na kupewa mkuki. Rwegoshora alilia. Kabla ya jioni mwanangu alikuwa ameshauza Pijo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, pamoja na mpira uliokuwa kwenye kiti. Walipouona wakautupa, wakasema huo si chuma. Amesema, "Mama, ilikuwa inakujazia nafasi tu." Nilimtazama nikatafuta hasira, sikuipata. Rwegoshora alisimama kando yangu tukitazama lori likishuka na kila tulichokuwa tunakigombania. Baada ya muda aliniuliza kama nina kahawa za kutafuna. Tulikaa, tukatafuna.

Jumanne, 31 Desemba

Nimemaliza kuvuna maharage. Kidogo, mbuzi na mvua vimechukua sehemu yao.

Asubuhi nilipopeleka maziwa, aliyefungua mlango ni Anatory, mtoto mkononi. Ni mara ya kwanza kusimama mbele yangu tangu siku ile aliporudisha mpira. Hakunisalimu. Alimgeuza mtoto nimwone shavu. Lilikuwa limekauka, limeanza kuchanika kwa baridi ya huku juu, na kwenye mikunjo ya mikono vilevile.

"Ngozi inapasuka," alisema, macho yakiwa barabarani. "Lete samli."

Nilisema sina. Nilisema niliimwaga yote na sitengenezi tena.

"Tengeneza," alisema, akachukua maziwa, akaingia ndani.

Nimekishusha kibuyu darini. Kilikuwa na vumbi na nyuzi za buibui, nimekiosha mara mbili, nimetia maziwa ya jana yaliyoganda. Mikono ilikataa mwanzoni. Sasa nimekaa chini kwenye mkeka, kibuyu mapajani, na nikiweka kalamu hii nitaanza kusuka.